Heptani, Heksani na Miguu ya Mjomba

Tarehe 12 Februari

Mpwa wangu,

Huku tunapumua. Mkaza mjomba wako jino linamsumbua na hataki kuling'oa. Anasema ameshazoeana nalo kuliko alivyonizoea mimi. Binamu yako mkubwa amepata kazi ya kuchomelea mageti. Wa pili anasoma, au anasema anasoma. Kitinda mimba kavunja kioo cha jirani, na jirani kaja na vipande vyote kwenye gazeti, akanionyesha kimoja kimoja kama yuko mahakamani. Wewe je? Bado unarudi nyumbani ukinuka ghala?

Nimekuandikia kwa jambo la kazi. Tajiri wetu amechukua oda ya viatu vya shule, jozi elfu nne, na chumba cha gundi tuko watu wanane tu. Unajua tunavyofanya: unapaka gundi kwenye soli, unapaka kwenye ngozi, unasubiri ikauke kiasi cha kunata, ndipo unabandika. Gundi ikichelewa, soli inateleza, na kila kiatu kilichoteleza kinarudi mezani kwangu.

Mimi ndiye mpimaji wa thina, ile ya kulainishia gundi. Pipa likifunguliwa naitwa, nadondosha tone mgongoni mwa mkono, nahesabu. Miaka ya nyuma tulikuwa na thina iliyokauka kwa hesabu ya tisa. Hii inayotoka kwenu nafika ishirini na mbili na mkono bado unang'aa. Wenzangu wananicheka: "Mjomba, hesabu tu, sisi tunakwenda kula, tutakukuta." Kiwandani wote wananiita Mjomba, hata walionizidi umri.

Wewe ndiye mwenye funguo za ghala. Hamna iliyo nyepesi zaidi?

Mjomba wako

*

Tarehe 27 Februari

Mjomba, shikamoo.

Mimi mzima. Chumba nilichopanga kimeanza kuvuja, mwenye nyumba anasema ni jasho la ukuta. Mpe pole mkaza mjomba. Jino likianza kuvimba shavu, asisubiri.

Kuhusu thina: tuna mapipa ya aina mbili ambayo wageni huyachanganya, kwa kuwa majina yanakaribiana kama ya ndugu wa tumbo moja. Kuna heptani na kuna heksani. Zote zinatokana na petroli, zote hazina rangi, harufu karibu moja, na zote zinashika moto haraka. Nyinyi mnatumia heptani. Wapaka rangi na watu wa gundi wengi wanachukua hiyo. Heksani ni nyepesi zaidi, inaruka hewani upesi. Wateja wake hasa ni viwanda vya mafuta ya kula, wanaimwaga kwenye mbegu zilizokamuliwa ili itoe mafuta yaliyobaki. Baadhi ya watengeneza viatu nao wanaitumia. Ninayo, na si kidogo.

Karatasi ya maelezo inayokuja na mapipa yake inasema itumike mahali penye hewa inayopita. Chumba chenu kina madirisha?

Mpwa wako

*

Tarehe 9 Machi

Mpwa wangu,

Jino limeng'olewa. Mkaza mjomba wako amelihifadhi kwenye kikopo, nami sijauliza la nini.

Madirisha yapo. Matatu, upande wa barabarani, kila moja linapitisha mbuzi na pembe zake. Tuleteeni heksani. Tajiri nilipomwambia alikubali kabla sijamaliza kusema.

Mjomba wako

*

Tarehe 20 Mei

Mpwa wangu,

Tumemaliza jozi elfu nne siku sita kabla ya wakati. Heksani yenu nahesabu nane, mkono mkavu. Tajiri amechukua oda nyingine, na wenzangu sasa wanasema Mjomba ana mkono kwenye ghala kubwa. Mama Pacha, yule anayekaa benchi moja nami, anakusalimu sana bila kukujua. Pacha wake wametimiza miaka mitatu na wanapigana tangu alfajiri.

Binamu yako mkubwa anataka kuoa. Nimemwambia aanze kwa kununua kitanda.

Jambo dogo. Vidole vya miguu vina ganzi tangu mwezi uliopita. Juzi nimetembea kutoka kiwandani hadi nyumbani, mkaza mjomba wako akaniuliza kandambili ya kushoto iko wapi. Nikatazama chini, kweli haipo, na mimi sikuhisi ilipovuka. Tumecheka sana. Nadhani ni kukaa muda mrefu kwenye benchi. Mama Pacha naye analalamika miguu mizito, lakini yeye tunajua, ni kubeba watoto wawili.

Ulisoma mambo haya ya dawa kunizidi. Unaonaje?

Mjomba wako

*

Tarehe 11 Juni

Mjomba, shikamoo.

Hongera kwa oda. Mwambie binamu ajiandae na godoro pia, kitanda kitupu hakioi mtu.

Bibi alikuwa na kisukari, nacho huleta ganzi ya miguu. Nenda ukapime. Na mkiwa kazini vaeni glovu.

Ghalani kuna kazi nyingi sasa, ndiyo sababu naandika kwa ufupi.

Mpwa wako

*

Tarehe 3 Agosti

Mpwa wetu,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Mjomba wako anasema, mkaza mjomba anaandika. Kalamu inamponyoka.

Anasema: sisi wazima. (Si wazima. Wiki hii ameanguka mara tatu, mara moja mlangoni mwa choo.) Anasema harusi ya binamu yako imesogezwa mbele. Anasema kisukari hana, amepima mara mbili.

Anasema daktari alimgonga goti kwa nyundo ya mpira, na mguu ukanyamaza kama mtoto aliyeulizwa nani kala sukari. Akamwambia anyanyue nyayo, vidole vikabaki vinatazama chini. Sasa akitembea anainua magoti juu kama mtu anayevuka matope, halafu unyayo unaanguka, pa. Kazini hajaenda tangu Jumatatu. Daktari alimuuliza kama anakunywa pombe. Nilikuwapo, nikamwambia daktari huyu mtu soda inamlevya.

Kisha daktari akauliza gundi yao inalainishwa kwa kitu gani. Mjomba wako akasema hajui, kazi yake ni kubandika tu. Tajiri akapeleka karatasi hospitalini, imeandikwa heptani, ya mwaka jana. Daktari akaisoma, akasema heptani ukiivuta nyingi inaumiza kichwa na kukulevya, inaweza hata kukuzimisha, lakini kwa ajuavyo yeye haifanyi miguu iwe hivi. Kwa hiyo ama ugonjwa umetoka kwingine, ama karatasi si ya pipa hilo. Anataka karatasi ya mapipa ya mwaka huu. Mapipa yenyewe, yakiisha, yanarudishwa kwenu.

Mjomba wako anasema: mpwa, usijisumbue na karatasi, una kazi nyingi.

(Mimi nasema jisumbue.)

*

Tarehe 14 Septemba

Shikamoo mjomba, shikamoo mkaza mjomba.

Samahani kwa kuchelewa. Nyumba niliyopanga wamebadilisha bati, haivuji tena. Mfanyakazi mwenzangu amejifungua, na mimi nimekuwa nafanya kazi ya watu wawili.

Karatasi naitafuta. Mafaili ya hapa yamepangwa vibaya. Mjomba apumzike, asikanyage kiwandani.

Mpwa wenu

*

Tarehe 25 Septemba

Mpwa wetu,

Leo hasemi yeye. Nasema mimi.

Hatujambo sikuandikii, maana utaamini.

Mama Pacha hawezi tena kupanda ngazi. Lakini kazi ya gundi ni ya kukaa, kwa hiyo anaendelea. Asubuhi dada yake anambeba mgongoni mpaka kwenye benchi, jioni anakwenda kumchukua. Tajiri alimsifu mbele ya wote kwa moyo wa kazi. Nilikwenda kumwomba abaki nyumbani. Akaniuliza, "Nibaki kwa ugonjwa gani? Daktari mwenyewe hana jina lake."

Daktari ameandika mara mbili kwa Tajiri. Mara mbili ameletewa karatasi ile ile ya heptani.

Wewe unasema unatafuta. Ghala lenu lina ukubwa gani?

Mkaza mjomba wako

*

Tarehe 6 Oktoba

Shikamoo nyote wawili. Habari za kwangu leo ni hizi zifuatazo tu.

Mkaza mjomba, karatasi sikuitafuta. Imekuwa kwenye droo ya meza yangu tangu Machi na ina sahihi yangu. Nimeiweka humu ndani. Nakala nyingine nimemtumia daktari moja kwa moja, na ya tatu ofisi ya mkaguzi wa viwanda. Nimeandika namba za mapipa yote kumi na mawili.

Kilichokuwa kwenye mapipa ni heksani. Kibandiko kilikuwa sahihi, karatasi ilikuwa sahihi, hakuna aliyechanganya kitu. Ilichaguliwa. Mwambie Mama Pacha leo hii, usisubiri daktari, asiingie tena chumba kile.

Ukurasa wa pili unaeleza. Naandika kwa maneno ya kawaida. Mtu akivuta heksani siku hadi siku, mwili unaigeuza kuwa sumu nyingine, na sumu hiyo inaharibu mishipa ya fahamu. Inaanza na ile mirefu zaidi, ndiyo maana ganzi hutangulia vidole vya miguu, halafu mikono, halafu nguvu inakwisha. Kuinawia mikono kunaongeza, kwa sababu inapita kwenye ngozi. Heptani nayo si maji ya kunywa. Inalewesha, inaumiza kichwa, inakausha ngozi, inaungua. Lakini mwilini haigeuki kuwa sumu ile kwa kiasi cha kumfanyia mtu hivi. Kwenye rafu zimekaa jirani. Kwenye miguu ya mtu zimeachana mbali.

Kuna jambo jingine baya. Mtu akiacha kuivuta, hali inaweza kuendelea kushuka kwa wiki kadhaa, hata miezi, ndipo ianze kupanda. Msije mkadhani daktari amekosea.

Ukurasa huo wa pili nilikuwa nimeusoma Februari. Niliwaandikia wa kwanza tu.

Kiwanda cha mafuta kilichokuwa kinanunua heksani kilifungwa mwaka jana. Mapipa kumi na mawili yakabaki mikononi mwangu, na kila Jumatatu bosi aliniuliza yataondoka lini. Barua ya mjomba ilipokuja nikaona nimejibiwa maombi. Nilijiambia madirisha yapo.

Mjomba, sasa nasema nawe. Jina la kitu kile unalijua. Nilikuandikia mimi, ukanijibu kwa kulitaja. Ulipomwambia daktari hujui, nilielewa kwamba unanifunika, kama ulivyonifunika nilipovunja taa ya shule na wewe ukasema ni baiskeli yako. Nilikaa chini ya kifuniko hicho miezi miwili, na ndani ya miezi hiyo Mama Pacha alikuwa anabebwa kwenda kuivuta.

Bosi atajua kesho. Vitu vyangu nimeshaviondoa mezani.

Naomba unijibu swali moja. Nilipouliza Februari, madirisha yalikuwa yanafunguliwa?

Mpwa wako

*

Tarehe 29 Novemba

Mpwa wetu,

Mjomba wako anasema, mkaza mjomba anaandika. Safari hii ameniomba nisibadilishe wala nisiongeze. Barua yako nilimsomea mara moja, akaniomba niisome tena, kisha siku nne hatukusemezana. Sasa tunasemezana, kwa mambo ya lazima.

Anasema:

Madirisha hayakuwa yanafunguliwa. Barabara ya mbele ilianza kuchimbwa Januari, na vumbi likitua juu ya gundi, soli haishiki. Niliyapigilia mimi mwenyewe, misumari mitatu kila dirisha. Hata upepo sikuutaka, maana unaikausha gundi juu na kuiacha mbichi chini. Uliniuliza kama yapo, nikakujibu yapo. Niliona swali lako linaelekea wapi, na oda ilikuwa elfu nne.

Usijipe kosa lote kana kwamba ni urithi wako peke yako. Mbele ya daktari sikuwa nakufunika wewe. Nilijificha mimi, na wewe ukawa kisingizio kizuri. Aliyeomba kitu cha kukauka haraka ni mimi. Aliyekijaribu mkononi na kuwaambia watu saba "hii ndiyo yenyewe" ni mimi. Jioni tulikuwa tunanawa mikono kwa thina ile ile ili kutoa gundi, na niliyewafundisha ni mimi. Kwa miaka ishirini nilipima kitu kimoja tu, kinakauka kwa hesabu ngapi.

Mkaguzi alikuja na karatasi yako mkononi. Tajiri alianza kumweleza habari za heptani. Mkaguzi akamsomea namba za mapipa, moja baada ya nyingine, mpaka ya kumi na mbili. Chumba kimefungwa kwa kufuli la serikali. Siku hiyo hiyo waling'oa misumari kwa ushahidi na kuitia kwenye mfuko.

Kati ya wanane, watano tuna ganzi. Wawili hawatembei. Mimi naitwa natembea, lakini ni fimbo mbili na ukuta. Daktari anasema mwaka mmoja, pengine miwili, na kwamba si kila kilichopotea kitarudi. Mama Pacha alizidi kushuka hata baada ya kutoka mle, kama ulivyoandika. Sasa ni mikono. Vifungo vya nguo za watoto anafungiwa na dada yake.

Jumamosi iliyofuata barua yako nilikwenda kwake. Binamu yako alinisukuma kwa mkokoteni. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta, pacha wanamzunguka wanagombania kijiko.

Akaniambia, "Mjomba, umeletwa kama gunia la viazi."

Nikamwambia, "Gunia lina maneno." Nikamweleza. Kwamba kile kitu niliomba mimi. Kwamba misumari niliipiga mimi. Kwamba daktari alipouliza jina nililijua na sikulitaja.

Akauliza, "Lini hiyo? Ulipoulizwa na daktari?"

Nikasema, "Mwanzo wa Agosti."

Akahesabu kwa kutazama vidole vyake, kwa kuwa kuvikunja hawezi. "Agosti nilikuwa napanda ngazi," akasema.

Akaendelea kuniuliza.

"Uliomba kwa nani?"

"Kwa mpwa wangu."

"Alijua?"

"Alijua."

"Basi mwandikie kwamba salamu zangu za Mei nazitaka zirudi."

Nazileta, kama alivyoagiza. Kisha akawaambia watoto watoke nje. Walipotoka akasema, "Nenda, Mjomba. Usirudi mpaka usikie nimesimama. Leo nikikurushia kitu kitaangukia hapa hapa miguuni kwangu, na mimi nataka kikupate."

Nimeona ni haki. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi namtuma binamu yako mlangoni kwake akaulize kama amesimama. Jumamosi ya sita ni leo. Amerudi sasa hivi, anavua viatu. Bado.

Mjomba wako